Ipime Ikiwa Imezimwa

Mpwa wangu, nimezitazama picha ulizonitumia za ile baiskeli ya umeme iliyotumika, iliyoletwa kutoka Uingereza, na nimeyasoma maelezo ya muuzaji. Mota ya Bosch ya newtoni-mita 85, betri ya wati-saa 625, shokapu mbele na nyuma za milimita 150. Ni namba nzuri. Lakini wewe umeniuliza kama itafaa kwa vilima vya Ngong, na swali hilo namba hazilijibu. Kabla hujatoa hata shilingi ya rubuni, fanya jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalipendi: zima mota, kisha uipande.

Nasema hivi kwa sababu mota huficha. Ukiweka msaada wa juu kabisa, mnyororo uliochakaa utavuta tu, shokapu iliyokauka mafuta utaiona laini, kilo 24 za baiskeli utazisahau, na wewe mwenyewe utajiona una mapafu ya mkimbiaji wa Iten. Ni pilipili juu ya nyama iliyolala. Vijana wengi huzunguka mara mbili kwenye maegesho ya lami, hutabasamu, halafu hulipa. Tabasamu lile limeletwa na mota, na baiskeli yenyewe bado hawajaikagua.

Ikiwa imezimwa, tafuta kipande kifupi cha mlima na ukipande kwa miguu yako. Sikiliza. Mlio wa kusaga kwenye kranki ni dalili ya beringi iliyoingia maji. Kisha tazama sproketi ya mbele. Mota za Bosch Performance Line CX za hadi modeli za 2019 zina sproketi ndogo sana, kwa kuwa gia za ndani huizungusha mara 2.5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Ni mota imara, ila msaada ukikatika utahisi ukinzani miguuni, na kwa baiskeli za soko la Ulaya msaada hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kizazi kilichofuata, kilichoanza na modeli za 2020, kina sproketi ya kawaida, uzito wa kilo 2.9, na gia zake hujiachia zenyewe. Katika picha zako sproketi ni kubwa. Hilo limenipa moyo.

Shuka, uisukume juu. Iinue begani ukiweza. Ngong kuna mawe na vijia vilivyokatwa na mvua ambapo hata mpanda baiskeli hodari hushuka na kubeba, na siku betri itakapoisha kwenye kilima cha tatu, kilo 24 zote zitakuwa zako. Kama huwezi kuinyanyua juu ya mwamba wa kiunoni, fikiria zile nyepesi zenye mota ndogo, mathalani TQ HPR50 ya newtoni-mita 50, ambazo nyingi huwa chini ya kilo 20. Utachoka zaidi ukipanda na utacheka zaidi ukiteremka. Lakini kama wenzako wote wana mota kubwa, utaachwa nyuma kila Jumamosi, na hilo nalo ulipime.

Sasa tuje kwenye mteremko, maana shokapu ya nyuma umeitaka kwa ajili ya mteremko. Hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka hata kidogo.

Kwenye shina la shokapu kuna pete ndogo ya mpira. Panda ukiwa na kofia, maji na mkoba wako, simama juu ya pedali kama unavyosimama njiani, mtu akushikie baiskeli. Isogeze pete hadi kwenye sili, ushuke taratibu bila kurukaruka, upime imesogea kiasi gani. Shokapu ya nyuma inapaswa kuzama karibu asilimia 30 ya mwendo wa shina lake. Wengi hukosea hapo: hupiga hesabu kwa zile milimita 150 za gurudumu, ilhali shina lenyewe huenda lina milimita 55 tu, kwa hiyo unatafuta 16 hivi. Ya mbele izame asilimia 20 au zaidi kidogo. Ikizama mno, ongeza upepo kwa pampu ya shokapu yenye geji. Pampu ya tairi haifai kwa kazi hiyo. Muuzaji akikukataza usiiguse shokapu, mshukuru uondoke. Kupanda baiskeli iliyopimwa kwa uzito wa mtu mwingine hakutakuonyesha lolote juu ya baiskeli hiyo.

Kagua pia shina lenyewe kwa kidole. Liwe laini na liwe linang'aa. Mkwaruzo mmoja wa kuhisiwa na ukucha unatosha kuvujisha mafuta na kuingiza vumbi. RockShox hupendekeza sehemu ya chini ya shokapu ya mbele ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kupanda, na Fox huweka huduma kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka. Vumbi letu la kiangazi halina huruma, kwa hiyo usizichukulie saa hizo kuwa ni za Wazungu peke yao. Uliza lini ilifunguliwa mara ya mwisho. Jibu la "haijawahi kusumbua" maana yake haijawahi kufunguliwa.

Kisha shika kiti, uinue baiskeli polepole mpaka gurudumu la nyuma linakaribia kuacha ardhi. Ukihisi kitu kimecheza kabla gurudumu halijanyanyuka, viungo vya fremu vimelegea au beringi zake zimeisha. Beringi hizo zinauzwa kwa namba za kawaida na fundi mzuri atazibadilisha, kwa hiyo usiikatae baiskeli kwa sababu hiyo. Punguza bei. Ufa kwenye fremu ni jambo jingine kabisa. Pangusa matope kuzunguka viungo na chini ya mota, tazama kwa tochi ya simu, na ukiona mstari uliopasuka rangi, nenda zako.

Breki nazitaka ziwe na pistoni nne na diski ya milimita 200 au 203 mbele. Wewe na hiyo baiskeli mnakaribia kilo 100, na mteremko wa Ngong hauna lami. Ukishaijua kwa jina aina ya breki, uliza inatumia mafuta gani, kwa sababu jambo hili litakufuata kwa miaka. Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT 5.1 au DOT 4, na mafuta ya DOT 4 utayapata kwenye duka lolote la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Ukimwaga ya gari ndani ya breki ya Shimano, mipira ya ndani itavimba na breki itakufa. Mwambie fundi wako hivyo kwa mdomo wako, hata kama anajua.

Betri nimeiweka nyuma, ingawa bei yake inaweza kukutoa machozi. Watu huuliza inakwenda kilomita ngapi. Mlimani swali ni inapanda mita ngapi. Kuinua kilo 100, yaani wewe, baiskeli na maji yako, kwa mita 1,000 kwenda juu, kunahitaji takriban wati-saa 270, na hiyo ni kazi ya kuinua peke yake. Matope, upepo na joto linalopotea ndani ya mota bado hujavilipia. Sehemu ya kazi hiyo utaifanya kwa miguu, na ndiyo maana mtu anayepanda kwa msaada mdogo hufika mbali kuliko rafiki yake anayeweka wa juu muda wote. Betri ya 625 iliyochoka ikabakiza asilimia 70 ni betri ya 440 hivi. Kilele cha Ngong ni mita 2,460 tu, lakini mgongo wake hupanda na kushuka kilima baada ya kilima, na kurudi ni vivyo hivyo. Piga hesabu yako hapo.

Dai ripoti ya mizunguko ya chaji kutoka kwenye mfumo wa baiskeli. Bosch hutoa dhamana ya betri ya miaka miwili au mizunguko 500 kamili, lolote litakalotangulia, kwa hiyo hata kampuni yenyewe inakuonyesha inapoanza kusita. Na usikubali betri iliyofunguliwa na kuwekwa seli nyingine mtaani, wala chaja isiyo yake. New York walitunga sheria juu ya betri za baiskeli mwaka 2023 baada ya moto kuua watu majumbani. Wewe unaishi ghorofa ya nne yenye mlango mmoja. Ichaji ukiwa macho, mbali na mlango huo.

Najua unawaza kwamba betri ikifa, dada yako atakuja na nyingine kutoka Manchester kwenye begi. Haiwezekani. Abiria haruhusiwi kusafiri kwa ndege na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Zitakuja kama shehena ya hatari, kwa gharama yake na kwa muda wake. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei ya baiskeli, tafuta hapa Nairobi mtu anayeweza kukuletea betri ya aina hiyo, na mwenye kifaa cha kusoma makosa ya mota. Asipopatikana mtu huyo, mimi nakushauri ununue baiskeli ya mlimani isiyo na mota, yenye shokapu bora kuliko hiyo, kwa pesa hizo hizo. Nalisema hili kwa uzito wote, ingawa najua moyo wako ulipo.

Ukiinunua, iepushe na mashine ya kuoshea magari. Maji yale ya presha hupenya kwenye beringi za mota na za viungo, na mota ya Bosch ikiharibika ndani, duka huibadilisha nzima. Ndoo, kitambaa na brashi laini vinatosha. Na wale watakaokuahidi kukiondoa kikomo cha kilomita 25, wakatae. Mifumo mipya ya Bosch huutambua ujanja huo na kuipunguzia mota nguvu, na juu ya hayo, kule mlimani kuna wachungaji na ng'ombe wao, kuna wazee wanaotembea, kuna watoto. Hakuna anayetarajia baiskeli impite kwa kasi ikiwa inapanda. Piga kengele mapema, punguza, salimia, ndipo upite. Usiende peke yako. Pale Ngong watu hupanda kwa kundi na walinzi wa misitu wapo langoni.

Muuzaji akikubali kuizima mota, akakuachia dakika 40 na pampu, nipigie simu nije. Kifaa cha kupimia uchakavu wa mnyororo ninacho, na kikisoma zaidi ya asilimia 0.5 tutamtaka apunguze bei ya mnyororo na sproketi za nyuma. Mwambie pia asizisahau funguo za kufuli la betri, zote mbili, pamoja na karatasi yenye namba ya funguo hizo.