Gorogoro Iliyobondwa

Somo: Amosi 8:4-6, Luka 19:1-10

Nimeombwa niandike machache juu ya imani ya kweli na imani ya kuonekana. Ningependa kuanza na Mafarisayo, kwa maana hao ni rahisi kuwasema, hawako hapa. Lakini wacha nianze na mimi.

Mimi nauza nafaka sokoni: mahindi, maharagwe, ndengu. Kwa miaka mingi gorogoro yangu ilikuwa imebondwa kitako. Wanaonunua sokoni wanajua ninachosema. Unaubonda mkebe kutoka chini, kitako kinaingia ndani, na juu unaonekana umejaa mpaka unamwagika. Mteja anaona kilima cha maharagwe kilicho juu. Kile kingine kilichofichwa chini hakioni. Ukutani nyuma yangu nilikuwa nimebandika karatasi, "Yesu ni Bwana". Jumapili nilisimama mlangoni pa kanisa na tai yangu, nikikaribisha watu. Fungu la kumi nilitoa bila kukosa. Na hapa ndipo panaponiuma: hata fungu hilo lilitoka kwenye gorogoro ileile.

Siku moja mama mmoja mzee alirudi na maharagwe aliyonunua kwangu asubuhi, pamoja na gorogoro yake ya nyumbani. Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele. Alipima mbele yangu, na mkebe haukujaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, vibanda ni vingi hapa. Mimi nilikuja kwako kwa sababu ya hiyo karatasi." Nikamwongezea maharagwe haraka haraka, nikasema, "Pole sana mama, nilikosea kupima." Hata huo msamaha ulikuwa uongo. Sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimepima vile nilivyokusudia.

Wiki hiyo katika ibada ya nyumbani tulikuwa tukisoma kitabu cha Amosi. Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, katika Yuda. Mungu alimtuma Israeli wakati wa mfalme Yeroboamu, nchi ilipokuwa na mali na sadaka hazikosekani huko Betheli. Katika sura ya 8 anawaeleza wafanyabiashara wanaouliza Sabato itaisha lini wapate kufungua nafaka, wapunguze kipimo cha efa, waongeze uzito wa shekeli, na wauze hata makapi. Angalia jambo hili, mpendwa. Watu hawa hawakuivunja Sabato! Walifunga biashara kama sheria ilivyosema. Ungepita mtaani kwao ungesema, hawa ni watu wa Mungu. Mwili ulikuwa umepumzika, lakini moyo ulikuwa ghalani. Nilifunga Biblia nikanyamaza.

Nilimweleza jirani yangu wa sokoni. Akanicheka. "Si gorogoro zote hapa zimebondwa? Bei yenyewe imeshazoea. Ukiinyoosha yako peke yako, utafunga." Sitawadanganya, maneno hayo yalinikaa. Ikiwa kila mtu anapima hivyo, nani ametapeliwa? Nilifikiri siku kadhaa, nikapata swali moja la kujijibu: je, naweza kuipindua gorogoro hii mbele ya mteja, nimwonyeshe kitako kabla hajalipa? Kama siwezi, basi najua ni wizi. Jambo la haki halihitaji kufichwa chini ya maharagwe.

Kuna kimbilio lingine tunalolipenda. Mtu akiguswa mahali pake husema, "Mungu huangalia moyo." Ni kweli, 1 Samweli 16:7 yatufundisha hivyo. Lakini tunalitumia neno hilo kama blanketi, na kumbe ni tochi. Kama Mungu angeangalia nje tu, mimi ningekuwa salama: tai ilikuwa safi na sauti ya kuomba ilikuwepo. Kwa sababu anaangalia ndani, alikiona kile kilima cha chini.

Sasa mtazame Zakayo. Yesu alimwita kwa jina na kuingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Wokovu haukununuliwa. Lakini neema ilipoingia, mkono wake ukaingia mfukoni: nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliowadhulumu, mara nne. Torati katika Hesabu 5:7 ilidai mtu arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alipita hapo. Wazee wetu wa Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya katika miaka ya 1930, walilijua jambo hili. Waliookoka waliungama hadharani, kisha wakarudisha vitu walivyoiba. Toba yao ilikuwa na miguu ya kutembea mpaka kwa mwenye mali.

Nilinunua gorogoro mpya. Nikapandisha bei kidogo, nikawaambia wateja sababu. Wengine walinihama. Niliowakumbuka niliwalipa. Wengi sitawapata kamwe, na jambo hilo linaninyenyekeza mpaka leo. Hapo sina la kujisifia, nina msalaba tu.

Ile karatasi niliitoa ukutani kwa aibu. Yule mama alipokuja nilimwambia ukweli wote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na karatasi iko wapi?" Nikasema nitairudisha nitakapostahili. Akatikisa kichwa. "Ukingoja kustahili, hutairudisha. Irudishe, halafu upime vizuri."

Nimeirudisha. Majani ya mti si dhambi, wapendwa. Mti wenye matunda nao una majani. Shida ni ule mtini wa Marko 11, uliomwita mwenye njaa kwa majani yake, alipofika hakupata kitu.

Huenda wewe huuzi maharagwe. Labda gorogoro yako ni mshahara wa msichana wa kazi unaoucheleweshea kila mwezi, au deni la jirani ambaye ukikutana naye unamwambia tu "Bwana asifiwe" na kupita. Kabla ya Jumapili ijayo, ipindue uangalie kitako.

Tuombe: Bwana, nyoosha kipimo changu kabla sijainua mikono yangu. Nipe ujasiri wa kurudisha. Katika jina la Yesu, amina.