Ng'ombe Wanane wa Merari

Sura ya 7 ya kitabu cha Hesabu ina mgawanyo ambao wahubiri wengi huupita mbio. Viongozi wa Israeli walimletea Musa magari 6 na ng'ombe 12, yatumike kuhamisha hema la kukutania kila kambi inapong'olewa. Musa aliwapa Walawi, lakini hakuyagawa sawa kwa sawa kati ya koo zao. Wana wa Gershoni, waliosafirisha mapazia na vifuniko, walipata magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari, waliokuwa na mbao, nguzo na vikalio vyake, walipata magari 4 na ng'ombe 8. Wana wa Kohathi hawakupata hata gari moja, kwa kuwa vyombo vitakatifu vilipaswa kubebwa mabegani.

Hiyo ilikuwa nyumba ya ibada iliyosafiri, na kabla haijaondoka mtu alikaa chini akapiga hesabu ya nani avute nini.

Hesabu hiyohiyo inawasubiri watu wa Pajulu, katika jiji la Arua, eneo la West Nile nchini Uganda. Barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra, mpakani na Kongo, hupita Arua na Koboko hadi Oraba, mlango wa Sudan Kusini, na matrela ni sehemu ya maisha ya eneo hili. Tuseme kamati ya kanisa au ya msikiti imeamua kununua trela yake ndogo. Itabeba hema, viti, spika na jenereta, na ndani kutakuwa na vitanda vya wahubiri au wauguzi watakaolala njiani wakienda Koboko, Yumbe au kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi. Kikao kitajadili bei, rangi, na maandishi ya ubavuni. Swali la gari la kuivuta huja mwishoni, wakati chai imeshapoa, na jibu huwa limekwisha kuandaliwa: tutatumia gari lililopo, Mungu atatangulia.

Hapo ndipo panapozaliwa swali la imani. Je, kumtegemea Mungu kunaweza kukalia kiti cha mizani?

Mizani yenyewe haina siri. Tuseme trela tupu ina kilo 900. Tangi la maji la lita 100 linaongeza kilo 100, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Viti 100 vya plastiki vyenye kilo mbili na nusu kila kimoja ni kilo 250. Spika na jenereta ziwe kilo 200, hema na vyuma vyake 150. Jumla ni kilo 1,600, na bado hajapanda mtu wala gunia la muhogo. Pikapu za kisasa za aina ya Hilux au Land Cruiser ya kazi huruhusiwa na waliozitengeneza kuvuta hadi tani 3 na nusu, mradi trela iwe na breki zake. Trela isiyo na breki kwa kawaida haitakiwi kuzidi kilo 750. Gari dogo la abiria, hata likipakwa mafuta ya upako, halimo kwenye mazungumzo haya.

Kuna pia uzito unaosahauliwa, ule unaokalia ndoano. Kwa trela ya namna hii mafundi hupendekeza kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kilo 160 au zaidi katika mfano wetu, na kilo hizo huhesabiwa pamoja na abiria na mizigo ya gari linalovuta. Zikizidi, nyuma ya gari huzama, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, na usiku taa humulika vilele vya miembe badala ya lami. Zikipungua kwa sababu vitu vizito vimerundikwa nyuma ya ekseli, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo inavyoweza kuliburuza gari lote nje ya barabara. Mwendo nao una hesabu yake: gari likitoka kilomita 40 kwa saa likafika 80, nishati ambayo breki zinapaswa kuizima huongezeka mara nne. Kutoka Arua, penye mwinuko wa takriban mita 1,200, hadi Pakwach kando ya Mto Nile, penye mita 600 na ushei, mteremko utaikagua hesabu hiyo bila upendeleo wa dini.

Wapo watakaosema huku ni kuidharau imani. Wajibiwe kwa kisa cha Uza, katika kitabu cha pili cha Samweli. Daudi alitaka kulileta sanduku la agano Yerusalemu, akalipakia kwenye gari jipya linalokokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono kulishika sanduku, akafa papo hapo. Mahubiri mengi hukaa kwenye mkono wa Uza. Lakini kosa lilikuwa limeshafanyika siku ya kuchagua chombo: mzigo wa mabegani ulipandishwa garini. Daudi mwenyewe, kwa mujibu wa Mambo ya Nyakati, alikuja kukiri kwamba hawakufuata utaratibu, na mara ya pili Walawi walilibeba kwa miti mabegani. Uza alilipia uamuzi uliopitishwa na wakubwa zake. Ngoma, vinubi na nia njema ya msafara mzima havikuubadilisha.

Uislamu, wenye mizizi mirefu katika West Nile, una neno lake. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamtaja mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache huru na amtegemee Mwenyezi Mungu. Mtume alimwelekeza afanye yote mawili, na kufunga kukatangulia. Katika mkusanyiko wa Abu Daud kuna habari ya ngamia wa Madina aliyetokwa na machozi, na mwenye ngamia akaonywa kwa kumtia njaa na kumchosha kwa kazi. Mafundisho haya yamemtoa mvutaji kwenye orodha ya vyombo na kumpa haki. Pikapu haina machozi, lakini ndani yake yuko dereva, na pembeni yake taniboi, na hao wanayo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya uzoefu: mara ngapi watu wamezidisha mzigo wakafika salama, wakashuka wakimshukuru Mungu? Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya jambo hili, nafasi ya bahati katika hukumu ya maadili. Madereva wawili wanazidisha mzigo uleule, kwenye barabara ileile. Mmoja anakutana na njia nyeupe, mwingine anakutana na mtoto anayevuka. Wa kwanza anaitwa hodari, wa pili muuaji, ingawa walichokichagua hakitofautiani hata kidogo. Mtu anayeamini kwamba Mungu hutazama moyo ana sababu zaidi ya kuhukumu uchaguzi wenyewe, uwe umeishia wapi. Ushuhuda wa kufika salama unathibitisha rehema ya Mungu. Hauthibitishi kwamba mzigo ulikuwa halali. Yesu alipopelekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe, malaika watamdaka, alikataa, na aliyemshawishi alikuwa amekuja na andiko mkononi.

Tena mzigo uliozidi hauwi siri ya mtu na Mola wake. Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963 na linalowaunganisha watu wa West Nile na Kampala, lilizuiwa magari makubwa mwaka 2024, kisha mwezi Septemba likafungwa kabisa kwa takriban miezi mitatu, kwa kuwa sakafu yake ilikuwa imechakaa. Wasafiri wakazungushwa njia ndefu, pamoja na wale ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari la ekseli 7, na wengi hukiona kama hila ya kuwakamua wenye malori. Lakini sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji wa vipimo, na Mithali huiita mizani ya udanganyifu chukizo. Muuza mchele anayepunja gramu 50 anaibia mteja mmoja. Anayepitisha tani za ziada anaibia daraja, na daraja ni la wote.

Waswahili wana msemo kwamba mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Ndio unaofanya kazi kwenye vikao vya kununua trela. Wanaopiga kura hawatakuwa kwenye usukani mteremko wa Nebbi ukianza. Dereva akisema, "Mzee, gari hili halitaweza," hujibiwa, "Mwanangu, tuombe, twende," na sala inayotakiwa kumfariji inageuka amri ya kumnyamazisha. Merari hawakuambiwa waombe zaidi ili ng'ombe wawili wafanye kazi ya wanane. Waliongezewa ng'ombe.

Haimaanishi kwamba kila jasho likwepwe. Mahujaji hutembea kwa miguu kutoka West Nile hadi Namugongo, mamia ya kilomita, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, na hakuna anayewaambia wapakiwe kwenye trela. Hija yao ni mzigo wa Kohathi, wa mabegani, nao wameuchagua wenyewe. Hata hapo kuna kikomo. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mzee aliyeweka nadhiri ya kutembea, akawa anakokotwa katikati ya wanawe wawili. Mtume alisema Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kujitesa, akaamuru apande kipando.

Kwa hiyo kamati yoyote ya Pajulu inayokaribia kulipia trela na ifanye mambo matatu kabla ya dua ya kuizindua. Isome kibao cha uzito kilichobandikwa na mtengenezaji kwenye gari na kwenye trela. Iipakie trela kila kitu itakachobeba, maji yakiwemo, iipeleke ikapimwe. Na iandike katika kumbukumbu za kikao kwamba dereva anaweza kukataa safari bila kupoteza kazi. Fedha zikiwa hazitoshi kununua gari linalofaa, inunuliwe trela ndogo zaidi, au viti vikodishwe hukohuko Koboko.