Kokoto za Ijumaa na Simu za Darasani

  

Wengi wetu hapa Uganda tumetoka shule za bweni ambako mwanafunzi akikutwa na simu huitiwa mzazi. Tulipofika chuo kikuu, kamba ikakatika. Hakuna mwalimu wa zamu wala wa kupekua masanduku. Simu iko mezani mhadhiri akifundisha, na iko mkononi khatibu akiwa juu ya mimbari.

Huko kwingine ndiyo kwanza wanaifunga kamba hiyo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018, Brazil Januari 2025. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi akishavurugwa na simu, yaweza kumchukua hadi dakika 20 kurudi katika somo. Kipindi cha saa moja kina dakika 20 ngapi?

Wapo ndugu wanaosema simu ni halali, tena ndani yake mna Msahafu, tafsiri na notisi za somo, vipi izuiwe? Hoja hii haijibiwi kwa kuiita simu shetani. Biashara nayo ni halali, na Mtume (s.a.w.) aliifanya. Hata hivyo Surat al-Jumu'a inatuamuru tuiache inaponadiwa swala ya Ijumaa, na swala ikiisha inaturuhusu kutawanyika kutafuta riziki. Chakula ni halali, na mchana wa Ramadhani tunakiweka kando. Kuzuiwa kwa saa maalumu hakukifanyi kitu kuwa kiovu.

Sura hiyo hiyo inagusa tukio zito. Msafara wa biashara uliingia Madina Mtume akiwa amesimama, na watu wakautokea. Jabir (r.a.) amepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba walibaki watu 12 tu. Hao walikuwa masahaba, Allah awawie radhi, na aliyesimama mbele yao ni mbora wa viumbe! Sisi tunadhani mhadhiri wa saa nane mchana, tumbo limejaa posho na maharage, atashindana na TikTok? Msafara ule ulipita siku moja. Wetu unaingia mfukoni kila dakika.

Katika Sahihi Muslim tumefundishwa kwamba anayegusa kokoto wakati wa khutba amefanya upuuzi. Hebu tuitazame kokoto. Haina sauti, haina picha, haimsumbui aliyekaa pembeni. Kosa ni kwamba mkono ukishaanza kuchezea kitu, moyo huufuata. Basi anayesema "nimeizima sauti, simsumbui mtu" hajajibu lolote.

Wanazuoni wanasimulia habari za Yahya bin Yahya al-Laythi, kijana aliyetoka Andalus kwenda kusoma kwa Imam Malik. Siku moja pakasemwa tembo amefika mjini. Wanafunzi wote wakatoka kumtazama, Yahya akabaki. Imam alipomuuliza, akajibu kwamba hakutoka kwao kwa ajili ya tembo. Alikuja kujifunza kwake. Imam akamwita mwenye akili wa Andalus. Leo Muwatta' inasomwa zaidi kwa riwaya ya kijana huyo. Majina ya waliokwenda kumwona tembo hatuyajui.

Lakini Yahya hakufungiwa mlango. Ndiyo maana sioni faida ya kuuomba uongozi wa chuo utunyang'anye simu. Januari 2021 Facebook ilipofungwa nchini, tuliijua VPN upesi kuliko tunavyojua nahau.

Ninaloomba ni dogo, na liko mikononi mwa jumuiya yetu. Darsa baada ya Maghrib huchukua dakika 45. Tuweke kapu mlangoni, kila mtu aiache simu yake humo, akianza amiri na sisi tunaosoma dini. Mwenye mgonjwa nyumbani amwachie simu ndugu mmoja atakayekaa nje, ikiita aitwe. Aya za darsa tuzisome katika misahafu iliyo kabatini msikitini. Wiki iliyopita nilifungua mmoja, ukaniachia vumbi vidoleni.