Uzuri Wenye Deni

Mkurugenzi wa sanaa huenda asiguse kamera, lakini ndiye anayeamua picha ipi itoke, ikatwe wapi, ibebe rangi gani na chini yake yaandikwe nini. Wapo wanaoulinda uamuzi huo kwa kusema wanatafuta uzuri, na wapo wanaosema wanatafuta ukweli, kana kwamba lazima mtu achague kimoja. Ninavyoona mimi, uzuri hauna kosa ila una deni. Ukishamvuta mtazamaji, umfikishe kwenye sababu ya kile anachokiona. Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinaipima hoja hii barabara, maana huko mandhari ya kupendeza na vita vimekaa juu ya ardhi ileile.

Mfano uliovuma zaidi ni wa Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, aliyepiga picha mashariki mwa Kongo kwa filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome. Filamu hiyo ilitumika katika upelelezi wa kijeshi: majani mabichi huakisi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, nayo filamu huugeuza kuwa rangi ya waridi, hivyo kitambaa cha kijani kinachoficha silaha hujitenga na mimea halisi. Mwaka 2013 kazi yake The Enclave iliiwakilisha Ireland kwenye Biennale ya Venice, vilima na misitu vikiwaka waridi na wapiganaji wakipita ndani yake. Kiubunifu ulikuwa uamuzi wa akili, kwani watazamaji waliokwisha kuzoea picha za vita vya Kongo walilazimika kutazama upya. Lakini angalia filamu ile inapaka nini: inapaka nyasi. Huko Masisi nyasi ni sehemu ya kesi yenyewe. Kuanzia 1937 utawala wa Kibelgiji ulihamishia huko familia kutoka Rwanda. Baadaye misitu ikafyekwa, malisho makubwa yakaangukia mikononi mwa wachache wenye hati, na ugomvi wa nani mwenyeji na nani mgeni ukawa ugomvi wa nani mwenye ardhi. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Rangi ya waridi imeigusa sababu ya vita bila kuitaja.

Kuna atakayesema sanaa si ripoti, na msanii asibebeshwe mzigo wa mwanahistoria. Sawa, fremu moja haiwezi kusema yote. Lakini picha haitoki peke yake: ina maelezo chini yake na picha nyingine inayoifuata, na huko ndiko deni linakolipwa. Mwingine atasema dawa ni kuachana na uzuri na kuonyesha maumivu yalivyo. Historia ya Kongo inamjibu. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi ukingoni mwa baraza, akiutazama mkono na mguu uliokatwa wa binti yake. Picha ile imetulia, imepangwa, na kwa utulivu huohuo inachoma. Hata hivyo nguvu yake haikutokana na maumivu pekee. Ilionyeshwa katika mihadhara pamoja na masimulizi ya utomvu wa mpira na ya waliokuwa wakiudai kwa bunduki. Hasira ya watazamaji ilipata pa kuelekea, ikaongeza shinikizo lililomfanya Mfalme Leopold wa Pili kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Sasa tuchukue picha ya mchimbaji wa Rubaya, Masisi. Ukiikata ubaki uso tu, tope hadi kwenye kope na tochi kichwani, umepata jalada la gazeti. Msomaji atasikitika, kisha atafunua ukurasa. Ukiiacha pana, ukabakiza gunia begani, mizani na mkono wa anayepima, mtu yuleyule anakuwa mfanyakazi anayeuza mali kwa bei asiyoipanga. Rubaya, iliyotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya madini ya koltani ya dunia. Picha yenye mizani inamfungulia msomaji swali la nani ananunua. Uso peke yake haumfungulii.

Je, kazi hii ya kupiga na kuchagua picha waachiwe wenyeji tu? Wapiga picha wa Goma kama Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo, walioshiriki mradi wa Congo in Conversation mwaka 2020, wanaonyesha uwezo upo. Lakini kuzaliwa mahali hakumpi mtu jicho, na mhariri mwenyeji naye anaweza kukata picha vibaya. Tofauti iko kwenye uwajibikaji: jirani aliyepigwa picha anaweza kubisha hodi na kuuliza kwa nini umemwonyesha hivyo. Anayefanya kazi kutoka Dublin au Kinshasa hana budi kujitafutia mtu wa kumwuliza swali hilo kabla ya kuchapisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuidhinisha picha, mkurugenzi wa sanaa ajiulize: mkazi wa Nyabiondo, Masisi, au wa Ndjingala, Walikale, akiiona, atatambua kwao, na atakubaliana na sababu tuliyoiandika chini yake? Jibu likiwa hapana, picha irudi mezani, hata iwe nzuri namna gani.