Mwili wa Jirani Yako

Somo: 1 Samweli 16:1–13



Samweli alikuwa nabii, tena mzee, lakini alipofika kwa Yese nusura akosee. Alimwona Eliabu, kijana mrefu wa umbo la kupendeza, akawaza kwamba bila shaka huyu ndiye. Ikabidi Mungu amkataze. Kama jicho la nabii lilivutwa hivyo, jicho letu sisi wa Issuna litakuwaje?

Kwetu unene ulikuwa heshima. Si ajabu katika nchi ya mvua chache, ambako mtama ukikauka watu hukonda pamoja na ng'ombe wao. Mwenye mwili alijulikana kuwa kwake kuna akiba. Mpaka leo twamwambia mtu aliyetoka safari, "Umenenepa, umependeza," naye hushukuru. Biblia nayo yaijua lugha hiyo. Farao aliota ng'ombe wanono na ng'ombe waliokonda, na hakuna mfugaji wa hapa anayehitaji kufasiriwa ndoto ile. Hata Danieli na wenzake, waliokula mboga na kunywa maji tu, walisifiwa kwa kunenepa! (Akina mama msicheke, someni Danieli 1.)

Kisha kipimo kikaanza kuhama. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, mawigi na dawa za kujichubua. Mashindano ya urembo ya taifa yakarudi mwaka 1994, yakasifu wembamba. Siku hizi simu imeleta kipimo kingine tena: kiuno chembamba na makalio makubwa, na vidonge vya kuyaongeza vinauzwa. Binti mmoja aweza kuhukumiwa mara tatu kwa wiki moja. Bibi yake asema amekonda, shangazi wa mjini asema amenenepa, simu yamwambia hana umbo. Naye akikaribia harusi hukimbilia mkorogo. Binti zangu, baadhi ya madawa hayo yana zebaki, na zebaki huharibu figo. Harusi ni ya siku moja.

Lakini lililonifanya niandike ni zito kuliko hayo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufika 1986 ugonjwa ulikuwa umeonekana katika mikoa yote ya Bara. Tangu hapo kukonda kukawa shtaka. Mtu alipopungua kwa kifua kikuu, kwa vidonda vya tumbo, au kwa kufiwa na mume, watu walinong'ona. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na leo mwenye virusi anayezimeza vizuri aweza kuwa na afya kuliko anayemsema. Basi macho hayajui lolote. Hata hivyo minong'ono haijaisha. Ipo kisimani, na, nasema kwa uchungu, ipo hata kanisani siku ya Meza ya Bwana, mtu akichungulia ni nani aliyetangulia kukishika kikombe.

Tazameni madhara yake. Mama ana shinikizo la damu, mganga wa zahanati amemwambia apunguze mwili, naye anaogopa kupungua asije akasemwa. Mzee ana kitambi, twakiita baraka, kumbe ni sukari inamla polepole, wala hakuna anayemuuliza hali kwa kuwa amependeza. Mmoja anaumizwa na maneno yetu, mwingine na sifa zetu.

Nawaomba hasa wazee wa kanisa na Umoja wa Mama. Mkimwona mtu amepungua, nendeni kwake kabla neno halijazunguka. Msianze na mwili wake. Ulizeni kama nyumbani kuna unga, kama watoto wamekula, kama yuko wa kumsindikiza zahanati akitaka kwenda. Atakayotaka kuyasema atayasema mwenyewe. Na mkiulizwa njiani kwamba ana nini, jibuni kwamba mlikwenda kumsalimu.