Zimwi na Msomaji

Usukumani, toka Shinyanga hadi Geita, husimuliwa ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na ng'ombe wote, hata kijana Masala Kulangwa alipolipasua tumbo wakatoka hai. Msikilizaji haulizi tumbo hilo lilikuwa na upana gani. Lakini Euphrase Kezilahabi (1944–2020), jirani yao wa kisiwa cha Ukerewe, alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), wengi waliompenda kwa Rosa Mistika (1971) waliona hadithi hazina kichwa wala miguu.

Je, ajabu za Nagona zazishinda za zimwi? Hasha. Penye ngano, bibi yupo: mtoto akipotea, humwuliza. Msomaji wa riwaya yu peke yake. Lawama zake mara nyingi ni kilio cha upweke.

Basi deni ni la nani? Mwandishi hawezi kumfuata kila msomaji nyumbani. Msomaji ndiye awezaye kukaa na asichokielewa, kama mtoto aisikiaye ngano mara kumi kabla ya kuimaizi. Kumhukumu msimulizi kabla ya kumsikiliza ni dhuluma ndogo. Ila jamii iliyoizoea hubaki na hadithi inazozijua tu, na zimwi likija kwa sura mpya, haitalitambua.