Huruma na Haki: Mwenye Ulemavu na Nafasi Yake Katika Jamii

Ni nadra siku hizi kumsikia mtu akisema waziwazi kwamba mwenye ulemavu si mtu kamili. Ubishi huanza pale linapoulizwa swali la pili: je, mema tunayomtendea ni fadhila yetu kwake, au ni deni tunalomlipa? Wengi hudhani kwamba tofauti hii ni ya maneno tu. Sisi hatukubaliani nao. Fadhila hutolewa na mwenye nacho, kwa kiasi akitakacho na kwa wakati autakao. Akiacha kutoa, aliyenyimwa hana pa kushtaki. Deni hudaiwa, na mdai akilipwa halazimiki kushukuru.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa mahali pamoja, nao ni mtaa wa Thongpiny, mjini Juba. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na kwa hiyo mambo ya Juba sasa ni mambo ya nyumbani kwetu sote tunaofundisha Kiswahili. Pili, yaliyotokea mtaani humo katika miaka ya 2013 na 2014 yanaonyesha dhahiri mahali huruma inapofika ukomo wake.

Thongpiny iko karibu na uwanja wa ndege wa Juba. Mapigano yalipozuka mjini tarehe 15 Desemba 2013, maelfu ya raia walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa mtaani humo, wakaishi ndani ya uzio wake kwa miezi mingi, hata walipohamishiwa kambi nyingine ya mji huo huo mwishoni mwa 2014. Hebu tuzifikirie saa za mwanzo za mkimbio kama huo. Mwenye miguu hukimbia. Mwenye macho huiona njia. Mwenye masikio hutambua risasi zinalia upande gani. Je, asiye na kimojawapo cha hivyo? Uhai wake hutegemea kama yuko mtu wa kumbeba, wa kumshika mkono au wa kumwashiria. Katika vita vya Sudan Kusini wako waliobebwa na jamaa zao, na wako walioachwa nyuma.

Waliobebwa waliokolewa na huruma, na mwenye kuidharau huruma hiyo hajui asemalo. Lakini tuwatazame walioachwa. Si lazima jamaa zao wawe walikuwa wakatili. Mama mwenye watoto wachanga wawili na mzazi asiyeweza kutembea ana mikono miwili tu. Huruma hufika pale inapofika mikono ya mwenye huruma, na kupita hapo haina nguvu. Jambo lisilowezwa na mikono miwili hupaswa kupangwa na jamii nzima, tena kabla ya siku ya hatari: onyo la kusikika na la kuonekana pia, orodha ya wasioweza kukimbia, watu waliokwisha kuagizwa kuwafuata. Mpango huo ndio tunaouita haki. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2475 kuhusu jambo hili hili, ulinzi wa watu wenye ulemavu wakati wa vita, mwezi Juni 2019.

Mvua za mwaka 2014 zilileta funzo jingine. Maji yalifurika kambini na ardhi ikageuka tope. Katika tope la namna hiyo mwenye magongo huzama, na kiti cha magurudumu hakisogei. Mtu huyo huyo, mahali pakavu na palipotengenezwa, angekwenda bombani kuteka maji yake bila msaada. Basi hapo kilema ki wapi, mguuni au njiani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unajibu kwamba ulemavu hutokana na kukutana kwa upungufu wa mwili na vizuizi tulivyoviweka sisi wenyewe. Mguu huenda usiponyeke, lakini njia hutengenezeka.

Wahenga wetu walisema, "Hujafa hujaumbika." Methali hii hutumiwa kumkanya anayemcheka mwenye ulemavu, nayo inafaa. Lakini tukiichunguza twaona kwamba inatutaka tumheshimu mwenzetu kwa kuwa na sisi yaweza kutufika. Heshima hiyo msingi wake ni hofu ya nafsi zetu. Je, mzee aliyekaribia kufa akiwa na viungo vyake vyote, asiye na la kuogopa tena, amesamehewa wajibu huo? La hasha. Methali nyingine yatupeleka mbali zaidi: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Hapa hatuulizwi kama twamwonea mtu uchungu, wala kama twaogopa kuwa kama yeye. Twaambiwa tu kwamba iko haki, nayo ni yake.

Yumkini msomaji atapinga hivi: nchi iliyopigana vita kuanzia 1955 hadi 1972, na tena kuanzia 1983 hadi 2005, kisha ikaingia katika vita vyake yenyewe miaka miwili baada ya uhuru wa 2011, itapata wapi fedha za haki hizo? Si afadhali huruma ya kweli kuliko haki ya karatasini? Hoja hii si nyepesi. Hata hivyo ina kasoro mbili. Kwanza, mambo mengi hayataki fedha: kuuweka mkutano wa mtaa mahali panapofikika, kumwuliza asiyeona maoni yake kabla ya kumwamulia, kumwandikisha mtoto kiziwi shuleni badala ya kumficha nyumbani. Pili, yale yanayotaka fedha hatuyapimi kwa mizani moja. Ngazi za mlangoni zina gharama, na mteremko wa kiti cha magurudumu una gharama. Bado hatujamsikia mtu akisema kwamba ngazi ni fadhila waliyotendewa wenye miguu.

Sudan Kusini yenyewe imelikubali jambo hili katika sheria zake. Katiba ya Mpito ya 2011, ibara ya 30, inawahakikishia wenye ulemavu kushiriki katika jamii na kupata elimu na kazi zinazowafaa. Na ibara ya 6, inayohusu lugha, inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama. Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulizingatia hilo: mahali pale pale zinapotajwa lugha za taifa, lugha ya viziwi imetajwa.

Hapa twafika kwenye wajibu wetu. Katika somo la ngeli mwanafunzi hukutana mapema na maneno kilema, kipofu, kiziwi na kiwete. Huambiwa kwamba umbo lake ni la KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa watu: twasema "kipofu amefika", hatusemi "kipofu kimefika". Wako wanaodai kwamba kiambishi hicho ni tusi. Lakini kijana na kiongozi nao wana umbo hilo hilo. Dharau haimo katika kiambishi. Imo katika tabia ya kumwita mtu kwa upungufu wake mmoja na kuusahau utu wake wote. Ndiyo maana Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ikaitwa ya Watu wenye Ulemavu: mtu ametangulia, ulemavu umefuata. Ama lile neno "wasiojiweza", hilo si jina bali ni hukumu, tena iliyotolewa bila mshtakiwa kusikilizwa. Mwanafunzi wa Juba, ambaye nyumbani na sokoni huzungumza Kiarabu cha Juba au lugha ya kwao, hawezi kujua lipi la heshima na lipi la dharau ila kwa mwalimu wake. Tutakalompa ndilo atakalolitumia.

Lakini maneno mazuri yasiwe kisingizio. Mwalimu anayesema "mtu mwenye ulemavu" kwa ufasaha, na darasani mwake hana nafasi ya asiyesikia wala kitabu cha nukta nundu kwa asiyeona, amebadilisha jina tu. Huruma tuendelee kuwa nayo, kwani siku ya mkimbio tutaihitaji sote. Hata hivyo tusiseme kwamba tumetenda haki mpaka mtu huyo aweze kuingia bila kuomba, na kulalamika bila kuitwa mtovu wa shukrani.